Fundi aliwasha taa, akasema haoni tatizo

Chumba chenyewe ni kidogo. Dirisha nimeliwekea mapazia mawili mazito, kuta nimezipaka rangi ya kijivu iliyokolea, hata kitasa cha mlango nimekifunga utepe mweusi kwa sababu kilikuwa kinameremeta. Kazi ya miezi mingi, yote hiyo ili gizani kibaki kitu kimoja tu cha kutazama: runinga. Halafu anakuja fundi aliyetumwa na duka, baada ya mimi kupiga simu mpaka nimechoka kujitambulisha, na jambo la kwanza analofanya ni kupapasa ukuta na kuwasha taa.

"Haya mama, tatizo liko wapi? Mbona picha safi kabisa hii."

Nikamwambia azime taa kwanza. Akacheka. TV haitazamwi gizani, anasema, nitaharibu macho. Kisha likamtoka hili, sijui hata niliandike vipi bila kutukana: "Baba mwenye nyumba yupo? Ningemweleza yeye vizuri."

Baba mwenye nyumba! Runinga nimeinunua mimi, kwa jasho langu. Chumba nimekipima mimi kwa futi kamba, matundu ya ukutani nimeyatoboa mimi. Mume wangu hata rimoti ya hiyo runinga haijui ni ipi kati ya nne zilizolala mezani.

Niseme shida ni nini, maana hayo mengine yote yameandikwa kwenye boksi. Ni maandishi ya tafsiri. Weka filamu ya lugha nyingine, tukio la usiku, kioo kizima cheusi. Mtu akisema neno, maandishi meupe yanatokea chini, na kwangu mimi yanapotokea, nguzo ya ukungu wa mwanga inapanda nayo kutoka chini mpaka juu kabisa. Mtu akinyamaza, nguzo inazimika. Akisema tena, inawaka. Wakigombana wawili, ni kama kuna mtoto nyuma ya runinga anachezea swichi. Usiku wa kwanza nilidhani ni taa za gari nje, nikainuka kurekebisha pazia.

Sababu nimekuja kuijua nikiwa nimeshalipa. Kioo cha LCD, aina ya hiki changu, hakina mwanga wake, humulikwa na taa ndogo za LED. Katika hii yangu taa hizo zimepangwa mstari mmoja tu, kwenye ukingo wa chini. Haiwezi kuangaza herufi peke yake. Inawasha taa iliyo chini ya herufi, na mwanga unapanda safu nzima. Zile zenye taa zilizotapakaa mgongo mzima, zikagawanywa mafungu kwa mamia, nazo huvuja, ila kidogo, kama duara hafifu kandokando ya kitu cheupe. OLED, aina nyingine ya kioo, haina hizo taa za nyuma kabisa. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inawaka yenyewe na kuzimika yenyewe, kwa hiyo nyeusi yake ni kitu kilichozimwa kweli.

Muuzaji niliyemuuliza tofauti ya LED na OLED alinijibu kuwa hiyo O ni mbwembwe za biashara. Nikameza. Ndiyo, hapo lawama ni yangu pia. Nilichagua runinga ya chumba cha giza nikiwa nimesimama chini ya taa kali, kila kioo kikiwa kwenye ile hali ya maonyesho ya dukani, rangi zimekolezwa mpaka nyasi zinaumiza jicho. Mahali kama pale inayoshinda ni inayopiga kelele kuliko wenzake. Nilipouliza kama wanaweza kupunguza taa kidogo, nilitazamwa kama mwizi.

Basi, taa nikaizima mwenyewe. Nikarudisha tukio. Nguzo ikapanda, ikashuka, ikapanda. Fundi alikaa kimya muda mrefu hadi nikaanza kumwonea huruma. Mwishowe akasema, "Hizi zote ndivyo zilivyo," akatoa karatasi, akaiandika kwa tochi ya simu: hakuna ubovu. Akataka nitie sahihi.

Sahihi sikutia. Kinachoniuma ni kwamba maneno yenyewe yalikuwa sahihi. Hakuna kilichoharibika, ndivyo ilivyoundwa. Niliuziwa kitu kizima kisichofaa kazi niliyokitakia, na karatasi ya dhamana haina mstari wa jambo hilo.

Nimejaribu, nisije nikaonekana mkaidi. Nilipunguza mwanga wa nyuma. Nikazima ule ufundi wa kulainisha mwendo, maana filamu hupigwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, nayo runinga inajitungia fremu za katikati mpaka waigizaji wanafanana na wasoma habari. Nikaweka Filmmaker Mode, ile hali ya picha ambayo UHD Alliance, muungano wa kampuni za runinga na filamu, waliitangaza mwaka 2019 ili kuyaondoa mapambo hayo, na kwa kweli ngozi za watu zikarudi kuwa ngozi. Siku mbili nilifurahi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba inatosha. Kisha nikaweka filamu moja pana, zile za 2.39 kwa 1, upana kwa kimo, ambazo kwenye kioo cha 16 kwa 9 huacha mikanda myeusi juu na chini. Maandishi yakakaa ndani ya mkanda wa chini. Mkanda ukageuka kijivu. Nikafuta yote niliyoandika.

Sasa iko sebuleni, mchana kweupe, madirisha wazi, watoto wanatazama mpira. Na pale, jamani, ni nzuri! Jua linaingia na picha haififii. Ningeipa nyota nne. Nikimkumbuka yule na baba mwenye nyumba wake, mbili. Lakini runinga haikunitukana, kwa hiyo nne. Duka, sifuri.

Juzi juzi nimeingia duka jingine, kutazama tu, na flashi yangu mkononi yenye tukio lile lile la usiku. Nikamwomba kijana wa pale azime taa za upande ule. "Sawa mama," akaenda kuzima, hakuuliza kwa nini. Tukawa tunachomeka flashi kwenye runinga moja baada ya nyingine. Nyingi zilibaki za kijivu palipotakiwa weusi. Ya kwenye kona, OLED, ikapotea. Ukingo wa runinga sikuuona, ukuta sikuuona, maandishi tu yakielea hewani, na yakiisha, hakuna kitu. Nikamwomba airudie. Akairudia mara tatu, akanionya bila kuulizwa kwamba nembo ya kituo ikiganda kona ile ile saa nyingi, siku nyingi, OLED inaweza kubaki na alama yake, na kwamba sebule yenye jua si mahali pake. Hakuniuliza baba yuko wapi. Nikamuuliza bei, nikatafuta kiti.