Tathmini ya mpira wa mazoezi wenye maduara, kwa anayejifunza kuurudisha nyuma mpira mweupe

Kwa mchezaji wa pool aliyefikia hatua ya kutaka mpira mweupe umrudie baada ya kugonga mpira mwingine, chombo ninachokitathmini hapa ni kidogo na hakina mitambo ndani yake: ni mpira mweupe uliochorwa maduara na mistari, unaowekwa mezani mahali pa mpira mweupe wa kawaida. Nimeutumia kwenye meza zenye kitambaa kipya na zenye kitambaa kilichochakaa, na nimeutazama ukitumiwa na wanaoanza pamoja na wachezaji wazoefu. Rai yangu ni kwamba sijaona kifaa kingine cha mazoezi kinachomweleza mchezaji kwa uwazi namna hii kwa nini mpira wake haurudi, ingawa yapo mambo ambayo hakiwezi kumfundisha, na zipo meza ambazo hakifai kabisa kuwekwa juu yake.

Mipira ya namna hii hutengenezwa na zaidi ya kiwanda kimoja, na ulio maarufu zaidi unabeba jina la Jim Rempe, mchezaji wa kulipwa wa Marekani. Mpangilio wa michoro hutofautiana kidogo, lakini wazo ni lile lile: katikati kuna nukta, nukta imezungukwa na maduara yanayopanuka, na mstari wa wima na wa mlalo hukatana juu yake. Mchezaji huuweka mpira nukta ikimtazama, huchagua duara na upande anaotaka kugonga, kisha hupiga.

Ili kuona thamani ya michoro hiyo, inafaa kufahamu kinachotokea mpira unaporudi. Fimbo ikigonga chini ya kitovu, mpira mweupe huondoka ukiteleza kwenda mbele huku ukizunguka kinyume cha mwendo wake. Kitambaa huupunguza mzunguko huo kila sentimita mpira unayopita, na safari ikiwa ndefu au pigo likiwa dhaifu, mzunguko huisha njiani na mpira ukaanza kubingirika kama mpira mwingine wowote. Ukifika ukiwa bado unazunguka, na ukaugonga mpira mlengwa uso kwa uso, karibu mwendo wote wa mbele huhamia kwa mpira ule mwingine, nao mpira mweupe hubaki pale pale ukijizungusha mpaka kitambaa kiukamate na kuuvuta nyuma. Kwa hiyo mpira usiporudi, ama haukupewa mzunguko wa kutosha tangu mwanzo, ama mzunguko ulimalizika kabla ya mgongano. Wengi huchukulia moja kwa moja kwamba dawa ni nguvu, wakazidi kupiga kwa hasira hadi mpira mlengwa unaruka nje ya shimo. Mpira wa mazoezi huonyesha, kwa ushahidi usiobishaniwa, kwamba mara nyingi kasoro iko mahali ncha ilipogusa.

Vipimo vyenyewe vinaeleza kwa nini macho peke yake hayatoshi. Mpira wa pool unaofuata kanuni za kimataifa una kipenyo cha milimita 57.15, hivyo kutoka kitovu hadi ukingo wake wa chini ni milimita 28.6 hivi. Ukigonga milimita 11.4 chini ya kitovu, yaani mbili ya tano ya nusukipenyo, mpira huondoka ukizunguka kinyume kwa kasi ile ile ambayo ungezunguka kwenda mbele kama ungekuwa unabingirika kawaida. Ukishuka kupita milimita 14 na kidogo, yaani nusu ya nusukipenyo, ncha huanza kuteleza juu ya mpira hata kama imepakwa chaki vizuri, na pigo huharibika. Kati ya pigo lenye mzunguko mkubwa na pigo lililoharibika kuna takriban milimita 3 tu, na hakuna anayeanza awezaye kukadiria nafasi hiyo juu ya mpira mweupe mtupu, unaong'aa na usio na alama yoyote ya kushika jicho.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wengi hawalijui, na ndilo lililonifanya niuheshimu mpira huu. Ncha ya fimbo ni ya mviringo, haijakatwa bapa. Ikishuka chini ya kitovu, sehemu inayougusa mpira ni ya juu ya ncha, wala si katikati yake. Kwa ncha ambayo mviringo wake una nusukipenyo cha milimita 9, ambacho ni kipimo cha kawaida, fimbo iliyoelekezwa milimita 12 chini ya kitovu hugusa mpira milimita 9 tu chini yake. Mchezaji anaapa kwamba amepiga chini, na kwa jinsi alivyoiona fimbo yake yuko sahihi, lakini mpira umepokea pigo la juu zaidi kuliko alivyokusudia. Hakuna maelezo ya mdomo yanayomshawishi mtu juu ya jambo hili haraka kama doa la chaki lililokaa ndani ya duara ambalo hakulilenga.

Doa hilo ndilo kiini cha kifaa, na namna ya kulisoma inastahili kuelezwa kwa utulivu. Futa mpira kwa kitambaa kikavu mpaka usiwe na alama yoyote, paka chaki ncha yote kwa mpako mwembamba ulio sawa, weka mpira nukta ikikutazama na mstari wa wima ukiwa wima kweli, kisha piga. Usikimbilie kuangalia kama mpira umerudi. Uchukue, uzungushe taratibu chini ya taa, na utaona alama ndogo ya buluu, pana kiasi cha milimita chache, yenye kingo zilizokolea ikiwa pigo lilikuwa safi, au yenye mkia uliovutwa ikiwa ncha iliteleza. Alama ya mkia ni onyo kwamba umefika mpakani. Alama iliyo juu ya duara ulilolenga inaonyesha kwamba mkono uliinuka dakika ya mwisho au kwamba hukuzingatia mviringo wa ncha. Alama iliyo kushoto au kulia ya mstari wa wima huonyesha kwamba fimbo haiendi sawa, na hapo hakuna haja ya kuendelea na mzunguko wa nyuma kabla ya kunyoosha pigo lenyewe.

Kwa sababu somo lote linategemea chaki, nashauri mnunuzi aangalie rangi za michoro kabla ya kununua. Maduara mekundu au meusi huliacha doa la buluu lionekane, lakini michoro ya buluu hulimeza, na mtu hubaki akikisia, jambo ambalo mpira huu ulikusudiwa kuliondoa. Chaki nayo isiwe ya hovyo. Si bure kwamba chaki ya kisasa iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1897, kazi ya William Spinks na William Hoskins, ilitegemea chembe ngumu zenye kukwaruza: bila mshiko huo, ngozi ya ncha huteleza mapema na eneo la kugonga chini hupungua.

Faida ya pili huonekana mpira ukiwa mwendoni, na kwa mtazamo wangu ndiyo inayosahaulika zaidi. Ukiupiga mpira moja kwa moja chini ya kitovu bila kuegemea upande wowote, mstari wa wima hubaki umesimama machoni pako, kana kwamba haukuchorwa juu ya kitu kinachozunguka, mpira ukienda na mpira ukirudi. Pigo likiegemea upande hata kidogo, mstari huyumba na kuchora wimbi. Nimeona wachezaji wazuri, watu wanaoingiza mipira bila shida, wakishangaa kuona wimbi hilo katika kila pigo lao, kwa sababu kwenye mpira mtupu hakuna kinachowaonyesha. Vilevile, pigo refu la polepole linakuonyesha kwa macho mstari wa mlalo ukizunguka kinyume, ukipungua kasi, ukisimama, kisha ukigeuka kwenda mbele, na mahali unapogeuka ndipo mzunguko wako ulipoishia. Ukishapaona mahali hapo juu ya kitambaa, unaelewa kwa nini mpira uleule ulirudi vizuri kwa umbali wa sentimita 30 na ukakataa kwa umbali wa nusu ya meza.

Sasa niseme ambacho mpira huu haufundishi. Unakwambia ncha ilipogusa, lakini haukwambii mkono ulifanya nini hadi ncha ikafika pale. Mchezaji anayetaka kushuka chini mara nyingi huinua kitako cha fimbo ili ncha iteremke, na mpira wa mazoezi humpa alama nzuri kabisa ya chaki, huku fimbo yake ikiwa imeinama kiasi cha kuubana mpira dhidi ya meza na kuurusha kidogo. Njia sahihi ni kuuteremsha mkono wa mbele kwa kulaza kiganja, ili fimbo ibaki karibu sambamba na meza kadiri kingo za meza zinavyoruhusu. Haukwambii pia kwamba umeikaba fimbo. Mshiko wa kukaba huivuta ncha juu katikati ya pigo, ilhali mshiko laini, wenye vidole vilivyoizunguka fimbo bila kuisonga, huiacha ipite moja kwa moja na kumalizia mbele ya mahali mpira ulipokuwa, ncha ikikaribia kugusa kitambaa. Wapo wanaokatisha pigo ghafla mara ncha inapogusa, wakiamini kwamba kuivuta fimbo nyuma ndiko kunakouvuta mpira. Mguso wa ncha na mpira ni wa muda mfupi mno, na kinachotokea baadaye hakiuhusu mpira tena, lakini nia ya kukatisha huipunguzia fimbo kasi kabla haijafika. Kwa mambo haya yote unahitaji mtu wa kukutazama kutoka ubavuni, au simu iliyosimamishwa ikurekodi.

Karatasi ya maelekezo inayokuja na mpira wa aina hii, kwa ile niliyoisoma, hurukia haraka mno mapigo ya kurudi kwa mbali. Ningependa ianze na pigo la kusimama: mpira mlengwa ukiwa karibu, gonga chini kidogo ya kitovu mpaka mpira mweupe usimame papo hapo baada ya mgongano, kisha ongeza umbali huku ukishuka duara moja. Mchezaji anayeweza kuusimamisha mpira katika umbali wowote anaoutaka amekwisha kuelewa namna mzunguko unavyopungua, na kuurudisha kunabaki kuwa suala la kushuka zaidi au kuongeza kasi kidogo. Inafaa pia ajue kiasi cha kutegemea: kwa mgongano wa uso kwa uso, mpira unaofika ukizunguka kinyume kwa kasi sawa na ya kubingirika hurudi kwa takriban mbili ya saba ya kasi uliyofika nayo. Hesabu hii humwondolea mtu tamaa ya kuona mpira ukirudi mbio kutoka pigo dogo.

Kuhusu meza, onyo langu ni zito. Mpira wa mazoezi una kipenyo cha kawaida na uzito wa kawaida, ambao kwa kanuni ni kati ya gramu 156 na 170, na haufai kwenye meza nyingi za kuingiza sarafu. Meza hizo huutambua mpira mweupe kwa ukubwa tofauti, uzito tofauti au sumaku iliyo ndani yake, ndipo ziurudishe baada ya kutumbukia shimoni, kwa hiyo mpira wa mazoezi ukitumbukia utafungiwa ndani pamoja na mipira mingine. Tena, kwenye meza ndogo za mtindo wa Uingereza, mipira mlengwa ina milimita 50.8 na mpira mweupe mara nyingi huwa mdogo zaidi, wa milimita 47.6. Mpira mwepesi kuliko mlengwa hurudi kwa urahisi, na ulio mzito hung'ang'ania kwenda mbele, hivyo kuweka mpira wa mazoezi wa milimita 57.15 kati ya mipira hiyo ni kujifunza kipimo ambacho hakitakusaidia siku ya mchezo.

Ubora wa utengenezaji unapishana sana. Mipira mizuri ni ya resini ya fenoli, aina ya plastiki ngumu, na michoro yake haihisiki kwa ukucha. Ile ya bei ya chini hupakwa rangi juu, na wa kwanza niliokuwa nao ulianza kupoteza duara la chini, lile hasa linaloguswa zaidi, baada ya matumizi ya kawaida. Pitisha ukucha juu ya mstari kabla ya kununua, na ukihisi kingo, uache.

Anayesita kutoa fedha anaweza kuanza na mpira wowote wenye mkanda wa rangi, kuanzia namba 9 hadi 15. Aulaze mkanda sambamba na meza, aupige kama mpira mweupe, na auchukulie ukingo wa chini wa mkanda kuwa karibu ndio mpaka ambao ncha isiuvuke. Doa la chaki litasomeka, ingawa kwa ukadiriaji mpana zaidi, na pigo lililoegemea upande halitaonekana vizuri kwa kuwa hakuna mstari wa wima. Kwa anayetaka kujua tu kama anapiga juu mno, hilo linatosha, na sioni sababu ya kumshauri anunue zaidi. Kwa anayefundisha wengine, au anayetaka kupima pia mapigo ya kushoto au kulia ya kitovu, mpira wenye maduara unastahili bei yake, mradi auweke kando kila baada ya muda na kurudia pigo lile lile kwa mpira mtupu, kwa kuwa kwenye mchezo hakuna duara la kulenga.