Uzoefu wangu na FamilySearch na iNaturalist: huduma mbili za bure kwa mtafiti wa ukoo na mpiga picha wa msituni

Kwa miaka kadhaa sasa muda wangu wa mapumziko umegawanyika kati ya kutafuta habari za ukoo wetu na kupiga picha za viumbe wa msitu wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mambo haya mawili yalinijia kwa njia moja. Babu mzaa mama, Mngoni aliyeletwa Tanga kama manamba wa mkonge, aliishia kuwa kibarua wa bustani katika kituo cha utafiti cha Amani, kile ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 ili kujaribia miti na mazao ya nchi mbalimbali. Nilipopanda mlimani kuulizia habari zake, wazee hawakuwa na karatasi ya kunionyesha, bali walinipeleka hadi kwenye miti aliyokuwa akiipalilia. Tangu hapo nimekuwa nikiandika habari za ukoo katika FamilySearch na kuweka picha za msituni katika iNaturalist, na ninatathmini huduma hizi kwa pamoja kwa sababu zote ni za bure, ila manufaa yake kwa mtu wa huku kwetu ni tofauti kabisa. Ya kwanza ni ghala la kuhifadhi ulichonacho, na ya pili ni soko la kupata usichonacho.

FamilySearch inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lilianza kazi ya kukusanya kumbukumbu za koo huko Utah, Marekani, mwaka 1894. Anayesikia sifa zake kutoka kwa Wamarekani au Waingereza hutarajia kwamba ataandika jina la babu yake na kuletewa cheti cha kuzaliwa papo hapo. Kwa familia nyingi za Tanganyika jambo hilo haliwezekani, na huduma yenyewe haina lawama, kwa kuwa chini ya serikali ya kikoloni uandikishaji wa vizazi na vifo ulikuwa wa lazima kwa Wazungu na Waasia, si kwa Waafrika. Cheti ambacho hakikuandikwa hakitafutiki. Majina ya watu wetu yamebaki katika vitabu vya ubatizo, katika mawe ya makaburi, na zaidi ya yote vinywani mwa wazee, na huko ndiko kazi inakofanyika kabla ya kufungua tovuti yoyote.

Vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki vina faida ambayo wengi hawaijui: kando ya jina la mbatizwa huongezwa baadaye taarifa ya ndoa yake na mahali alipofungia ndoa hiyo. Kwa ukoo wa watu waliohama kutoka Songea hadi mashamba ya Tanga, mstari huo mdogo wa pembeni ndio unaounganisha kijiji alikotoka mtu na mahali alikooa. Nawashauri wanaokwenda kusoma vitabu hivyo wamwombe paroko ruhusa mapema, wapige picha karibu na dirisha bila kutumia mwanga wa kamera, na wapige ukurasa mzima badala ya mstari mmoja, kwa sababu jina la msimamizi wa ubatizo au la jirani aliyebatizwa siku hiyohiyo huja kuwa na maana usipotarajia.

Wazee nao wana kalenda yao. Baba yake babu alisemekana kuzaliwa wakati wa njaa iliyofuata Majimaji, na kwa kuwa vita vile vilikuwa vya 1905 hadi 1907, nimeandika kwamba alizaliwa takriban mwaka 1907. FamilySearch inakubali tarehe za makadirio za namna hiyo, pamoja na za «kabla ya» na «baada ya», jambo ambalo nimelipenda kuliko mapambo yake yote, maana haimlazimishi mtu kubuni tarehe kamili. Pia inaruhusu mtu mmoja kuwa na majina zaidi ya moja, mwanamume kuwa na wake kadhaa, na kila mtoto kuunganishwa na mama yake hasa. Tahadhari moja: mzee akikwambia «baba», muulize kama ni baba aliyemzaa, baba mkubwa au baba mdogo, vinginevyo utachora ukoo ambao haupo. Wajukuu kupewa majina ya babu zao ni mtego mwingine, kwa sababu jina lilelile hurudi kwa kuruka kizazi kimoja, na asiye makini huwachanganya babu na mjukuu wakawa mtu mmoja.

Sehemu ninayoitumia zaidi ni ile ya kumbukumbu, ambapo picha, nyaraka na sauti huambatanishwa na ukurasa wa mtu. Kila faili lina kikomo cha megabaiti 15, kwa hiyo mazungumzo marefu ni lazima yakatwe. Mimi hukata kwa kufuata maswali, ili atakayetaka kusikia habari za safari ya kuja Tanga asilazimike kusikiliza kwanza mashauri ya mahari.

Yapo mambo mawili ambayo mtu anapaswa kuyajua kabla ya kujiunga. Kwanza, mti wa ukoo ni mmoja kwa dunia nzima, na mwanachama yeyote anaweza kubadilisha taarifa za marehemu, ingawa mabadiliko yote huwekwa kwenye orodha na yanaweza kutenguliwa. Walio hai hawaonekani kwa umma. Kwa sababu hiyo kila ninapoandika jambo huongeza nani alilisema na wapi. Pili, waumini wa kanisa hilo huwa na ibada ya ubatizo kwa niaba ya marehemu, na wanaelekezwa kuifanya kwa ajili ya jamaa zao wenyewe. Kwa familia ya Kiislamu, au hata ya Kikristo isiyoridhika na jambo hilo, ni vema lizungumzwe katika kikao cha ukoo kabla jina la mtu halijawekwa humo. Kwetu lilizungumzwa, shangazi mmoja akakataa, na jina la mama yake nimelibakiza kwenye daftari.

iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 2023 ni shirika linalojitegemea lisilo la faida. Unaweka picha yenye tarehe na mahali, programu inapendekeza jina la kiumbe, kisha watu wengine wanathibitisha au kupinga. Zaidi ya theluthi mbili yao wakikubaliana juu ya spishi, rekodi hupanda daraja na kufaa kwa utafiti. Hapa mtu hupewa kile ambacho hakuwa nacho, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na ile ya kwanza.

Faida niliyoipata zaidi ni kujifunza kupiga picha yenye ushahidi. Picha ya kinyonga aliyekaa vizuri kwenye tawi, akitazama kamera, inapendeza ukutani lakini haimsaidii mtaalamu anayehitaji kuona kichwa kwa ubavuni, pembe na mgongo. Mmea unahitaji ua, upande wa chini wa jani na namna majani yalivyopangika. Ndege aitwaye chozi, akiwa jike, ni mtihani hata kwa wazoefu, hivyo napiga picha nyingi za mdomo, kifua na mkia, nikikubali kwamba baadhi zitabaki bila jina. Mapendekezo ya programu yenyewe yasiaminiwe haraka katika msitu kama wa Amani, kwa kuwa hujifunza kutokana na picha zilizopo, na spishi zinazopatikana Usambara peke yake hazijapigwa picha nyingi; ni rahisi kupendekezewa ndugu yake wa mbali anayejulikana zaidi.

Kuhusu vifaa nitasema kwa kifupi. Natumia kamera ya lenzi moja isiyobadilishwa, yenye zumu ndefu, niliyonunua ikiwa imekwisha kutumika. Inamfikia hondohondo juu ya mti, lakini chini ya miti mikubwa mwanga ni mdogo, na bila kuegemeza kamera mahali picha hutoka na ukungu. Hakikisheni tu saa ya kamera ni sahihi.

Mahali penyewe pasitangazwe ovyo. Saintpaulia, ua lililopelekwa Ulaya na ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892 na sasa kuoteshwa majumbani duniani kote, hukua kwenye miamba michache yenye kivuli. iNaturalist huficha yenyewe mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, na pale isipoficha mtumiaji anaweza kuficha mwenyewe, kama ninavyofanya mimi.

Kanuni moja ya iNaturalist iliniudhi mwanzoni: kilichopandwa na mtu hakipandi hadi lile daraja la kufaa kwa utafiti. Miti ya bustani ambayo babu aliipalilia inahesabika kuwa ya kupandwa tu. Lakini miche ya Maesopsis, mti wa kigeni ulioletwa Amani, imejiotea yenyewe na kuuvamia msitu wa asili, na kila mche wa namna hiyo ninaoupiga picha unahesabika na unawafaa wanaofuatilia uvamizi huo. Ile miti iliyopandwa nimeiweka FamilySearch, kwenye ukurasa wa babu, nikataja na mzee aliyenionyesha.

Mwenye simu ya kawaida na kifurushi kidogo cha intaneti anaweza kuanza na zote mbili, kwa kuwa rekodi za iNaturalist huhifadhiwa kwenye simu msituni na kupakiwa ukifika penye mtandao. Mwenye wazee hai nyumbani aanze na kinasa sauti cha simu yake. FamilySearch inaweza kusubiri.