Mkanda wa kupima mimba: unajibu swali moja tu hedhi inapochelewa

Hedhi ikipitiliza, cha kwanza kununua ni mkanda wa kupima mimba, ule mwembamba unaokaa kwenye pakiti ya karatasi ya fedha. Maduka ya dawa ya Dar es Salaam huuza kwa shilingi elfu moja hivi, pengine chini ya hapo. Kabla hujasingizia mawazo au uchovu, swali la mimba lijibiwe kwanza, na kwa swali hilo mkanda huu unatosha. Kaseti na kalamu za kukojolea moja kwa moja zina teknolojia ileile ndani. Unacholipia zaidi ni plastiki, na kwa kalamu, kutohitaji kikombe.

Mkanda hutafuta homoni ya hCG, ambayo huanza kutengenezwa mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa kizazi. Mingi imeandikwa 25 mIU/ml, yaani kiwango ambacho homoni ikikifikia, mstari huanza kuonekana. Ipo iliyoandikwa 10, na wauzaji huisifia kwamba inawahi. Inawahi kweli, ila kwa siku mbili hivi tu, maana katika wiki za mwanzo homoni hii huongezeka mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa mtu ambaye tayari amepitiliza wiki nzima, tofauti hiyo haina faida yoyote.

Kabla ya kulipa, geuza pakiti uone tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa kawaida mikanda huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 30, kwa hiyo boksi lililoanikwa kwenye kioo cha duka linalopigwa na jua la mchana liache hapohapo. Pakiti iliyotoboka nayo usiichukue: unyevu ukishaingia, dawa iliyopakwa kwenye mkanda huharibika. Ndiyo maana humo ndani huwekwa kifuko kidogo cha kunyonya maji, na ndiyo maana pakiti huchanwa wakati mkojo uko tayari, si usiku wa kuamkia kipimo.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye kikombe kikavu kisicho na mabaki ya sabuni. Chovya upande wenye mishale, mkanda ukiwa wima, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, na mkojo usivuke mstari wa MAX. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mkojo unatakiwa kupanda wenyewe taratibu, ukipita kwenye rangi na kuibeba hadi kwenye mistari. Ukizamisha kupita kiasi, rangi husombwa ovyo na mkanda hubaki na madoa yasiyosomeka. Ukishautoa, ulaze mahali pakavu na tambarare. Soma ndani ya dakika 3 hadi 5. Kilichojitokeza baada ya dakika 10 hakihesabiki.

Mstari wa C, unaoonyesha kwamba mkanda umefanya kazi, usipotokea, mkanda umekufa, chukua mwingine. Mstari wa T, ule wa majibu, ukitokea na rangi, hata ukiwa hafifu namna gani, hayo ni majibu chanya. Hafifu maana yake homoni bado ni kidogo, na ukirudia baada ya siku mbili au tatu kwa kawaida utakolea. Kinachochanganya watu ni kile kivuli cha kijivu kisicho na rangi, ambacho hujitokeza mkojo ukishakauka. Hicho si mstari.

Kasoro kubwa haiko kwenye mkanda wenyewe, iko kwenye maelekezo yake. Karibu yote husema pima kuanzia siku ya kwanza ya kukosa hedhi. Mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba anaijua siku hiyo. Je, ambaye mwezi huu alipata siku ya 27 na mwezi uliopita siku ya 41? Ukweli ni kwamba mara nyingi kinachochelewa ni yai. Likishapevuka na kutoka, hedhi hufuata baada ya wiki mbili hivi, na kipindi hicho hakiyumbi sana. Homa kali, msongo, kukonda ghafla au mazoezi mazito vinaweza kulichelewesha yai siku 10, na hedhi ikasogea siku 10 zilezile. Mimba iliyotungwa mwezi huo nayo itakuwa changa kwa siku hizohizo, mkanda unaweza kusema hasi, na mtu atarudi nyumbani ameridhika bure.

Kwa mwenye mzunguko wa namna hiyo, achana na tarehe ya hedhi. Hesabu siku 21 kamili tangu tendo la mwisho lisilo na kinga, ndipo upime. Hesabu hii inamfaa pia aliyemeza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa kuwa kidonge hicho hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai, na hedhi inaweza kusogea kwa wiki moja hivi.

Vidonge vya majira, P2 na dawa nyingi za antibayotiki havibadilishi majibu. Kinachoweza kuleta chanya bila mimba inayoendelea ni sindano ya hCG wanayopewa wanaotafuta mtoto, mimba iliyotoka wiki chache zilizopita, au mimba ya zabibu, ambayo kondo hukua vibaya bila mtoto wa kawaida. Kuhusu chumvi, sukari na dawa ya meno zinazosambazwa kama vipimo vya nyumbani: povu au mabonge yanaweza kutokea kwa mkojo wa yeyote, hata wa mwanamume.

Hasi ikirudiwa baada ya wiki moja na bado ni hasi, kazi ya mkanda imekwisha, na usipoteze hela kwa wa tatu. Sababu hapo ni nyingi. Anayenyonyesha, au anayechoma sindano ya miezi mitatu, kukatika kwa hedhi si ugonjwa. Baada ya kuacha sindano, mzunguko unaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi. Mwenye chunusi nyingi, ndevu na mizunguko ya kupitiliza siku 35 tangu ujana achunguzwe PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga upevukaji wa yai. Maziwa yakitoka na hunyonyeshi, ipimwe prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na umtajie daktari dawa zote unazotumia, hasa za akili na za kuzuia kutapika. Aliyesafishwa kizazi na hedhi haijarudi tangu hapo, huenda kuta za kizazi zimeshikana.

Wapo wauzaji wanaokimbilia kutoa noretisteroni, vidonge vya homoni, ili hedhi ishuke. Damu itatoka siku chache baada ya kumaliza vidonge, lakini chanzo kitabaki palepale, na haifai kumezwa kabla ya kujua kama kuna mimba.

Miezi mitatu bila hedhi, nenda hospitali ukiwa na tarehe za hedhi zako za mwisho zilizoandikwa, uombe homoni ya tezi ya shingo, prolaktini na ultrasaundi. Chanya yenye maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega haisubiri miadi. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na ni ya kwenda siku hiyohiyo, hata kama mstari ulikuwa hafifu.