Glorioza: upande mbegu ama viazi vyake?

Mvua za Machi zikikaribia swali linarudi palepale, hili ua letu la porini lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu, Gloriosa superba, uanze na mbegu ama viazi? Kwa bei mbegu zinashinda, tunda likipasuka unaokota bure, ila maua utangoja hata miaka 2 au 3 jamani. Kiazi kikikubali kinachanua msimu huohuo, lakini nasari (kitalu cha miche) watakuuzia ghali na kinavunjika kirahisi sana, angalia ncha kabla hujalipa, jicho la kuchipua liko hapo, likishakatika pesa imeenda. Kilaze ubavu, sentimita 5 hadi 10 chini, penye jua na pasipotuama maji, vinginevyo kinaoza. Matunzo ni yaleyale, fito tu ya mmea kukwea, na kiangazi mmea ukikauka usiung'oe, uko hai chini.

Kama una watoto wadogo nyumbani fikiria kwanza, mmea wote una sumu na kiazi ndio kibaya zaidi, tena kinafanana na kiazi kikuu. Uko na nafasi na huna haraka, mbegu. Unataka geti lako Entebbe lipendeze mwaka huu, nunua viazi, ila tafadhali usivichimbe porini.