Viza ya Kanada imegoma: uombe upya au uende kotini?

Wengi wakishapigwa chini wanajaza fomu nyingine usiku huohuo, karatasi zilezile, afu wanashangaa kukataliwa tena. Kuomba upya kunafaa kama kweli una kitu kipya, mfano stetimenti ya benki ya miezi iliyokosekana, na humo unaongeza ushahidi utakavyo.

Kotini ni habari nyingine kabisa. Unaenda Mahakama ya Shirikisho, ada ya kufungua ni dola 50 za Kanada (wakili sasa, huyo ndo anakumaliza), na kama uamuzi ulitolewa nje ya Kanada una siku 60 tu tangu uupate. Kwanza unaomba ruhusa ya kusikilizwa, na jaji haangalii kama unastahili viza, anaangalia kama afisa alifikiri kwa mantiki kwa yale yaliyokuwepo kwenye faili, kwahiyo barua mpya ya mwajiri kwa kawaida haiingii. Tangu kesi ya Vavilov ya 2019, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Kanada, sababu za afisa zinapimwa kweli, akiandika "hatarudi kwao" bila kugusa ushahidi wako hapo una hoja. Ukishinda hupewi viza, faili linarudi kwa afisa mwingine.

Mi kama faili lilikuwa limejaa na afisa kalipuuza, naenda kotini.