Steringi ni yupi? Blade Runner ya kutafsiriwa, banda umiza la Mwanjelwa

Jumamosi niliwahi kufunga studio yangu ya picha, nikalipa mia tano yangu, nikaingia banda moja la muvi nyuma ya soko la Mwanjelwa, Mbeya. Ubaoni walikuwa wameandika kwa chaki: BLADE RUNNER, MAROBOTI WAUAJI, IMETAFSIRIWA. Niliiona zamani kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikataka kuona vijana wa Mwanjelwa wataipokeaje.

Nianze na banda. Mabenchi ya mbao hayana egemeo, tivii ni ya inchi 50, madirisha yamezibwa kwa viroba. Kwa mpira panatosha. Kwa muvi hii, ambayo karibu yote ni usiku, mvua na moshi, hapatoshi: kila kiroba kina tundu, na jua lilikuwa linampiga Harrison Ford usoni. Ukienda, kaa benchi la tatu kushoto. Jaketi usisahau.

Ridley Scott aliitoa 1982, na Los Angeles anayoionyesha ni ya Novemba 2019. (Mwaka wenyewe ulishapita, na mimi bado napanda bajaji.) Deckard, yaani Ford, anatumwa kuwaua watu wa kutengenezwa waliotoroka kazi za suluba huko nje ya dunia. Wamepewa miaka 4 tu ya kuishi, wamerudi kumuuliza aliyewaunda kama anaweza kuwaongezea.

Mtafsiri, ambaye sauti yake ya Kiswahili imerekodiwa juu ya ile ya waigizaji, hakutupa hata dakika ya kuwaza. "Huyu ndo steringi! Wale maadui, maroboti, hayana roho!" Hapo tukagombana, mimi na yeye, ingawa hanijui. Wale si chuma. Wana damu, wanaumia, wanaogopa kufa. Kuwatambua lazima wakalishwe mbele ya mashine inayochungulia jicho, huku wakiulizwa maswali kama lile la kobe aliyelala chali juani nawe humgeuzi. Kinachopimwa ni huruma. Halafu steringi wetu mwenye roho anampiga risasi za mgongoni mwanamke anayekimbia. Dogo wa pembeni yangu akanigeukia: "Anko, steringi gani anapiga mtu mgongoni?" Nikamwambia we tazama tu.

Kuwa mkweli, kosa hilo la kutotuacha tuwaze hakulianza mtafsiri wetu. 1982 wenye studio waliogopa watazamaji hawataelewa, wakamfanya Ford asimulie juu ya picha, wakabandika na mwisho mtamu. Toleo la 1992 likaviondoa vyote viwili na kumwotesha Deckard farasi wa pembe moja. Banda lilikuwa na toleo la namna hiyo, maana ndoto hiyo ilikuwepo. Na mwishoni farasi wa namna hiyo hiyo, wa karatasi, ameachwa mlangoni kwa Deckard. Ina maana kuna mtu anazijua ndoto zake, kwa hiyo huenda naye alitengenezwa. Scott anasema ndiyo, alitengenezwa. Ford alishikilia kuwa ni mtu. Mtafsiri yeye alisema, "Kaachiwa zawadi."

Ila paliponiuma ni kwa Rachael, mwanamke anayefanya kazi kwa yule bosi aliyewaunda. Analeta picha yake ya utotoni akiwa na mama yake, ushahidi kwamba yeye ni mtu. Anaambiwa kumbukumbu zote alizonazo ni za mpwa wa bosi, kapandikiziwa. Mtafsiri: "Demu kaleta picha ya maza." Basi, akapita.

Mimi kazi yangu ni picha. Kuna binti aliniletea mbili, yake ya paspoti na ya mama yake aliyefariki yeye akiwa mchanga. Akataka niwasimamishe pamoja, nyuma niweke ziwa, Matema. Nilikesha nalinganisha vivuli. Baada ya miezi akarudi na mwanawe kuongeza nakala, nikamsikia anamwonyesha: "Hapa nilikuwa na bibi yako, Matema." Nikajifanya natafuta bahasha.

Tukafika juu ya paa. Deckard ananing'inia, na adui, Roy Batty (ndiye Rutger Hauer), aliyebakiza dakika zake chache, anamdaka mkono na kumvuta. Na mvua ya Mbeya ikachagua saa hiyo hiyo. Kwenye mabati husikii hata kikohozi chako. Mtafsiri akapotea, spika zikapotea, watu kama thelathini tukabaki kuutazama mdomo wa Rutger Hauer ukitikisika, mvua kwenye tivii, mvua kichwani kwetu. Hakuna aliyepiga mluzi. Dogo akaniinamia sikioni, akapiga kelele: "Kwa hiyo steringi ndo huyu?"

Jumatatu nikaenda kuwekewa kwenye flashi, ili nisikie mtafsiri alisema nini pale. Maneno ya machozi ndani ya mvua Hauer aliyaongeza mwenyewe, hayakuwa kwenye maandishi, na nilikuwa na uhakika mtu wetu atayaharibu. Nikavaa hedifoni. Kwanza alinyamaza, akamwacha Batty aseme kwa sauti yake. Kisha, polepole, bila zile mbwembwe: "Anasema kilio cha samaki, machozi huenda na maji."

Nikarudisha nyuma mara tatu.

Banda nalipa nyota mbili, moja ya hizo ni ya dogo. Kuna waliodai hela zao mlangoni kwa sababu hawakusikia mwisho, wakanyimwa. Mimi sikudai.