Miss Marple: uzoefu wangu na ajuza wa St. Mary Mead

Nimemaliza mfululizo mzima wa Agatha Christie, mwandishi Mwingereza, kuhusu Miss Marple, bi kizee anayefichua wauaji, riwaya 12 na hadithi fupi 20, na nimeona nitoe maoni yangu kwa sababu vitabu hivi vinadharauliwa bure. Ukivitaja mbele ya wapenzi wa hadithi za upelelezi, wengi watakwambia hivyo ni vya kusindikizia usingizi: kijiji cha Uingereza, chai ya saa kumi, bi kizee na sindano zake za kufumia, maiti sebuleni isiyochafua hata zulia. Hayo yote yamo. Ila mna hasira pia humo ndani, na mna heshima kubwa kwa watu wasiohesabiwa, na hicho ndicho kilichonishika mpaka nikavimaliza.

Miss Marple hajaolewa, hana mtoto, hana cheo wala leseni ya upelelezi. Anaishi St. Mary Mead, kijiji cha kubuni. Ana bustani yake ya maua na mpwa wake Raymond West, mwandishi wa riwaya anayejiona yeye ndiye anayeijua dunia na shangazi yake haijui. Alijitokeza kwanza kwenye hadithi fupi ya jarida mwaka 1927, kisha 1930 ikaja riwaya ya kwanza, The Murder at the Vicarage. Humo bado ni mmbea hasa, mtu wa kutazama ndege kwa darubini kumbe anatazama nani kaingia kwa nani. Christie alieleza katika tawasifu yake kwamba tabia ya ajuza huyu ina chembe ya bibi yake mwenyewe, mtu aliyetarajia ubaya kwa kila mja na mara nyingi akawa sahihi.

Miss Marple hahangaiki na alama za vidole wala majivu ya sigara. Chombo chake ni kumbukumbu ya watu. Katika The Body in the Library (1942), maiti ya msichana imekutwa asubuhi ndani ya maktaba ya Kanali Bantry, nyumba ya watu wenye heshima zao, na wenye nyumba hawamjui marehemu hata kwa sura. Mke wa Kanali anampigia simu rafiki yake aje. Miss Marple anaitazama maiti, kisha anasema imemkumbusha mtoto mmoja mtukutu, Tommy Bond, na mwalimu mpya wa shule: mwalimu alikwenda kuijaza saa ufunguo, chura akaruka kutoka ndani. Basi. Ukisoma mara ya kwanza unadhani bibi kachanganyikiwa. Ukifika mwisho unaona kwamba tangu pale, kabla polisi hawajahoji hata mtu mmoja, alikwisha kushika nusu ya jibu.

Aliyekulia mtaa wenye baraza hahitaji kuelezwa jambo hili linavyowezekana. Vikongwe wanaokaa pale jioni wanajua nani ana deni, nani kabadili njia ya kurudi nyumbani, nani kanunua kitambaa asichokuwa na uwezo nacho. Kinachonifurahisha kwa Christie ni kwamba aliyaona hayo kuwa elimu. Sisi tuliolelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni, tumezoea mpelelezi mwanamume anayesikilizwa tangu anapoingia mlangoni. Miss Marple hasikilizwi na mtu. Wanamkalisha kwenye kiti, wanampa chai, wanaendelea kusema mbele yake kana kwamba hayupo, na yeye anafuma huku masikio yako wazi.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni A Pocket Full of Rye cha 1953. Tajiri mmoja, Rex Fortescue, anakufa ofisini kwake London kwa sumu ya taxine, inayotokana na mti wa yew. (Christie alijua anachokiandika: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, na sumu zake zina uhakika wa mtu aliyezishika kwa mkono.) Mfukoni mwa marehemu zimekutwa punje za nafaka. Familia ni ya watu wasiopendana, kila mmoja ana sababu ya kufurahia kifo kile, na Inspekta Neele ana kazi. Mpaka hapo ni hadithi ya matajiri na urithi wao, na nyingi nimezisoma.

Kisha anauawa msichana wa kazi. Gladys ni yatima, si mrembo, si mwerevu, mwepesi wa kumwamini yeyote atakayemtamkia maneno matamu. Anakutwa karibu na kamba ya kuanikia nguo, amenyongwa kwa soksi ndefu, na muuaji amembana pua kwa kibanio cha nguo. Kibanio hicho kinafuata maneno ya wimbo wa watoto wa Kiingereza. Ni mchezo tu wa muuaji. Miss Marple anasoma habari gazetini, anapanda treni, anabisha hodi kwenye jumba la akina Fortescue. Gladys alifundishwa kazi nyumbani kwake, kupanga meza na kung'arisha vyombo vya fedha. Hakuna mwingine aliyekuja kumuulizia. Kilichompandisha hasira bibi huyu ni kile kibanio, dharau ya kumfanyia mzaha mtu ambaye tayari umemwua. Humwoni akipaza sauti hata mara moja, wala hapigi meza. Anakaa kitako, anauliza mambo ya chai na soksi, na unahisi kabisa kwamba muuaji amekwisha. Sisi tunaoishi katika miji ambamo wasichana wa kazi wanatoka mbali na kuitwa kwa jina moja tu, kitabu hiki kinatugusa penye kidonda. Ukurasa wa mwisho una barua. Sitasema zaidi.

Jambo la pili ni uzee wenyewe. Wapelelezi wengi wa vitabuni hawazeeki, au wanazeeka kwa mvi tu. Huyu anazeeka kweli, na uzee wake unaingia ndani ya kisa. Katika 4.50 from Paddington (1957), rafiki yake Bi McGillicuddy yuko ndani ya treni, amechoka na vifurushi vya Krismasi. Treni nyingine inakwenda sambamba na yao, pazia la dirisha la treni hiyo ya pili linafunguka ghafla, na anamwona mwanamume, kampa mgongo, anamkaba mwanamke mpaka mwili unalegea. Treni zinaachana. Maiti haipatikani, na kwa mamlaka ni bibi aliyesinzia akaota. Miss Marple anamwamini shoga yake. Anachukua ramani, anaipanda treni ile mwenyewe, anapiga hesabu mahali ambapo mwili ungeweza kutupwa, kisha anakiri bila aibu kwamba mwili wake hauwezi tena kupanda ukuta wala kupekua vichaka. Anamtafuta kijana, Lucy Eyelesbarrow, msomi wa Oxford aliyeamua kufanya kazi za nyumbani kwa malipo mazuri, anamtuma akaombe kazi kwenye jumba lililo karibu na mahali hapo. Ubongo wa mmoja, miguu ya mwingine. Raha ya kitabu hiki imo humo, na Lucy ni mmoja wa wahusika walionifurahisha sana katika mfululizo wote.

Ukifika The Mirror Crack'd from Side to Side (1962), hata kuinama bustanini amekatazwa. Macho yanampotea, anaachia mshono anapofuma. Amewekewa mlezi, Bi Knight, mwema kupita kiasi, anayemsemesha kama mtoto mchanga. Kijiji nacho kimebadilika: kumejengwa mtaa mpya wa nyumba, duka la zamani limegeuka supamaketi. Miss Marple anamtuma Bi Knight madukani makusudi, akishatoka tu anachukua njia kwenda kuuona mtaa mpya kwa macho yake. Kila aliyewahi kumtunza mzazi mzee asome sura zile za mwanzo. Zimenifunza kumuuliza mama anataka nini kabla ya kumfanyia.

A Caribbean Mystery (1964) kina jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalishtukia ukurasa wa kwanza. Kisa kiko kwenye kisiwa cha Karibi, lakini neno la kwanza la mazungumzo ni Kenya. Mzee mmoja, Meja Palgrave, aliyeishi Kenya miaka 14, anamchosha kila mtu kwa habari za huko, kitabu kikitoka mwaka mmoja tu baada ya uhuru wetu. Miss Marple anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akili iko kwenye kufuma. Ghafla Meja anamuuliza kama angependa kuona picha ya muuaji, anaitoa kwenye pochi, anatazama juu ya bega la Miss Marple, anabadilika rangi, anairudisha na kuanza kuzungumzia pembe za ndovu. Kesho yake ni maiti. Ustadi ulioje! Nawe msomaji ulikuwa umeshachoka na Meja, ukayapitisha maneno yake kijuujuu vilevile.

Kitabu hichohicho kinaonyesha kasoro ya mfululizo, nami sitaifunika. Wenyeji wa kisiwa ni watu wa kubeba sinia. Victoria, mtumishi wa hoteli aliyeona dalili muhimu kabla ya wageni wote, anapewa kurasa chache mno kwa akili aliyokuwa nayo. Katika A Murder Is Announced kuna Mitzi, mpishi mkimbizi aliyepoteza watu wake vitani, na karibu kila mtu nyumbani anamcheka na kumwita mwongo. Christie aliyemlilia Gladys angeweza kumtendea Mitzi vizuri zaidi. At Bertram's Hotel (1965) nacho hakikuniridhisha: hoteli ya London imechorwa vizuri, chai na maandazi unayaonja, lakini kisa ni chepesi na Miss Marple yuko pembeni muda mwingi.

Kwa anayetaka kuanza, Kiingereza chake ni chepesi. Aliyemaliza sekondari hatapata taabu. Vipo kwa wauza vitabu vya mitumba na vinapatikana pia vya kusomea kwenye simu. Angalia majina kabla ya kulipa, maana matoleo ya Marekani yamebadilishwa: 4.50 from Paddington huko ni What Mrs. McGillicuddy Saw!, na They Do It with Mirrors ni Murder with Mirrors. Ukipenda kutazama, tafuta tamthilia za BBC za 1984 hadi 1992 alizocheza Joan Hickson. Riwaya zote 12 zimo. Christie mwenyewe aliwahi kumwandikia barua miaka ya 1940 kwamba anatumaini siku moja atakuwa Miss Marple, na Hickson aliipata nafasi hiyo akikaribia miaka 80. Macho yake ya samawati yanaposimama juu ya mwongo, huhitaji muziki wa kutisha.

Usianze na The Murder at the Vicarage eti kwa kuwa ndiyo ya kwanza. Anza na A Murder Is Announced ya 1950, ambamo gazeti la kijiji linatangaza kwamba mauaji yatafanyika Ijumaa saa kumi na mbili unusu jioni nyumbani kwa fulani, na majirani wote wanajitokeza kwa wakati wakidhani ni mchezo. Sleeping Murder ilitoka 1976, baada ya Christie kufariki, lakini aliiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo isome mapema. Humo Miss Marple bado anainama kung'oa magugu. Ya mwisho iwe Nemesis ya 1971, na usiifungue kabla ya A Caribbean Mystery, maana anayemtuma kazi humo ni Rafiel, yule tajiri mgonjwa na mkali waliyekutana kisiwani.